Grupu la Python la hapa Mombasa: nyota 4, na salamu ziende pamoja na swali

Nimekaa kwa hili grupu la Telegram miezi saba sasa, ni la watu wanaojifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, wengi wa hapa hapa, Kisauni, Tudor, Likoni, wachache Kilifi na Malindi. Linki siweki maanake admini ameomba tusiitawanye ovyo. Ni bure, gharama yako ni bando tu. Naipa nyota 4 kati ya 5, na karibu zote nimezitoa kwa vile mtu anavyofundishwa kuuliza.

Sisi watu wa pwani salamu tumelelewa nazo. Huingii kwa mtu ukaanza na shida zako, ni hodi kwanza, salaam aleikum, za tangu jana, watoto hawajambo, ndo useme kilichokuleta. Siku ya kwanza nikafanya vivo hivyo, nikaandika salaam aleikum wapendwa, kuna anaejua Python humu? nikasubiri niitikiwe. Kaka mmoja akaitikia baada ya karibu saa nzima, nikamwambia nina shida kidogo, kumbe keshatoka. Mpaka isha hatujafika kwenye shida yenyewe! Admini akaniandikia kwa upole, dada, salamu usiache, lakini itie na swali ndani ya ujumbe mmoja, huku mtu anachungulia akiwa kwenye feri au akingoja matatu, akikuta swali limekamilika analijibu hapo hapo.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Mamangu mdogo anauza mbaazi na mahamri asubuhi, nikataka kumtengenezea programu ndogo ya kujumlisha mauzo. Sahani ya mbaazi ni 70, naandika 70, izidishe mara 3, inanipa 707070. Nikatuma "programu yangu haifanyi kazi nisaidieni" na picha ya skrini niliyoipiga na simu, taa imeangukia katikati hata mimi mwenyewe sisomi. Kimya. Nikaandika upya, salamu, mistari minne ya msimbo, yaani programu yenyewe nilivyoiandika, ikiwa maandishi sio picha, nilitarajia 210 nimepata 707070, nimejaribu kubadilisha jina la kigezo kinachobeba bei haikusaidia, natumia Python 3 kwenye Windows. Dakika sita nimejibiwa, na aliejibu hakunitupia jawabu tu, aliniambia hebu chapisha type(bei) uone hiyo bei ni kitu cha aina gani. Ikatoka str, yaani maandishi. Hapo ndo akanieleza kwamba input(), ile amri ya kupokea anachoandika mtu, hukurudishia maandishi hata kama umeandika namba, na maandishi ukiyazidisha kwa 3 Python inayarudia mara tatu, ndo zile 70 zikapangana foleni. Nikaizungushia int(), inayogeuza maandishi kuwa namba, ikatoa 210. Wallahi nilifurahi kama mtoto wa siku ya Idi.

Mkono mtupu haulambwi, na huku mkono wako ni ule msimbo wako na ujumbe wa kosa, wote, usiukate. Ukiuweka kama maandishi mwenzio anaunakili anauendesha kwake, picha hawezi. Halafu Python nafasi za mwanzo wa mstari ni sehemu ya lugha yenyewe, ukibandika hivi hivi zinavurugika, kwa hivyo tia zile alama ``` mwanzo na mwisho, Telegram inakuwekea kama ulivyoandika.

Jambo jingine nalowasifu ni ulinzi. Kijana mmoja alikuwa anaunganisha malipo ya M-Pesa kwa Daraja, ule mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu yako na M-Pesa, akabandika msimbo wote na funguo zake za siri ndani, mbele ya watu kibao. Admini akafuta mara moja akamwambia katengeneze funguo mpya sasa hivi, usingoje kesho, hakumfokea wala hakumwaibisha. Swali lake alijibiwa vizuri alipolirudisha bila funguo.

Na kama ni kazi ya darasani sema ni kazi ya darasani, watu watakuelekeza bila kukuandikia.

Nyota moja nimeipunguza kwa mambo mawili. Kuna wajuzi wachache wakijibu lazima waanze na "hii mbona rahisi sana", sasa kwa mwenzangu ambae amehangaika nayo tangu magharibi hilo neno linachoma, na nimeona dada mmoja mpya hakuuliza tena baada ya hapo. La pili, majibu mazuri yanazama, swali la input() limeulizwa mara nne tangu niingie. Mtu akishasaidiwa anaandika "sawa imekubali" basi, hasemi imekubali vipi, na mwengine akija na shida ile ile akitafuta anakuta "sawa imekubali". Mimi lile la mbaazi nililiandika lote, shida na dawa yake, na juzi mtu wa Likoni amelipata kwa kutafuta tu, hakuhitaji hata kuuliza.