Hilux ya injini ya 5L kwenye njia ya Kapchorwa: uzoefu wangu

Kazi yangu ni viazi na vitunguu. Navitoa Kapchorwa, milimani mashariki mwa Uganda, nashusha Mbale, na soko likiwa baya nasogea mpaka Malaba, mpakani na Kenya. Pikapu ninayotumia ni Toyota Hilux singo kabini, ule umbo wa 1997 hadi 2005, injini ya 5L (ni jina la injini, si lita tano): dizeli, cc 2,986, haina turbo wala kompyuta ya kusimamia mafuta.

Na ndiyo maana niliichukua. Dalali mmoja wa Kampala alinibembeleza ninunue Hilux ya baadaye yenye D-4D, injini ya dizeli inayosimamiwa na kompyuta, ya cc 2,494. Gari tamu, sibishi, na mafuta hainywi sana. Lakini injekta zake, yaani vipulizia mafuta, haziwezi kabisa dizeli yenye maji au taka, na huku kwetu kuna siku dizeli unainunua kwenye dumu. Zikiharibika unatafuta mtu mwenye mashine ya kuzipima, na bei yake inauma. Nozeli za 5L, zile ncha za kupulizia mafuta, zikichoka, fundi wa chini ya mwembe anazijua. Spea zimejaa soko la Kisekka, Kampala. Ukiagiza, kifurushi kinakuja Mbale na basi. Angalia tu usiuziwe feki ndani ya boksi zuri.

Sasa ubaya wake. Nikipandisha saruji ya Tororo, kuanzia Muyembe kwenda Sipi ni gia ya pili, moshi nyuma, na kila teksi inanipita. Mwenye haraka asiiguse. Kushuka na viazi ndiko inakonifurahisha: naiacha kwenye gia ndogo, injini yenyewe inalizuia gari, breki nazigusa kwenye kona tu. Ikiwa tupu, springi za nyuma zinarusha mpaka unashika usukani kwa mikono miwili.

Isuzu D-Max nayo ni ya kazi, mwenzangu anabebea matoke na hajalalamika. Mimi nimezoea hii.

Ukitaka kununua 5L, adui yake ni joto. Ikichemka sana, silinda hedi, kile kichwa cha injini, hupasuka. Fika asubuhi kabla mwenyewe hajaiwasha, fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi. Ukiona oili humo, ondoka. Kisha iwashwe, fungua kifuniko cha oili: moshi ukipuliza kwa nguvu, injini imekwisha. Mkanda wa taiming badilisha siku hiyo hiyo, hata muuzaji akiapa kuwa ni mpya, maana ukikatika unaharibu valvu.

Linganisha pia namba za injini na chesesi, yaani fremu ya chini, na zile za logbuku, kadi ya usajili wa gari. Halafu ulize ilikuwa inabeba nini. Zilizobeba mchanga na mawe nyingi zimechomelewa chesesi nyuma ya kabini, na rangi mpya hupakwa hapo hapo. Lala chini na tochi uangalie.