Uzoefu wangu: baiskeli ya mbio ya kukodi Moshi, kwa mlima wa Machame na Marangu

Nyota tatu kati ya tano. Duka nitaliacha bila jina, maana ninayoyaandika hapa yanahusu karibu kila baiskeli ya mbio inayokodishwa Moshi. Namaanisha ile ya tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Niliyopewa ina fremu ya alumini, meno 50 na 34 mbele, 11 hadi 28 nyuma, breki za raba zinazobana rimu, na tairi za milimita 25. Kwa tambarare ya kushuka TPC, kiwanda cha sukari, kwenye mashamba ya miwa haina neno. Kwa mlima, usiitoe dukani kabla hujakagua gia, breki na tairi.

Gia kwanza, kwa sababu ndizo zinazowarudisha watu njiani. Hesabu meno kwa kidole, usikubali kuambiwa tu kwamba "ni ya gia kumi na nane". Ukiwa na 34 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 2.5. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 9 kwa saa. Kwenye mlima wa asilimia 8, yaani unapanda mita 8 kwa kila mita 100 za barabara, mtu wa mazoezi ya kawaida anaweza kuishikilia kasi hiyo kwa muda, lakini kwa shida. Ukipewa ya zamani yenye 39 mbele na 25 nyuma, mzunguko uleule unadai mita 3.3, karibu kilomita 12 kwa saa. Hiyo ni ya wanaolipwa kuendesha. Magoti yatalia kabla hujaona lango la hifadhi ya Kilimanjaro.

Dawa ni kaseti, yaani seti ya magurudumu ya meno ya nyuma, ambayo kubwa lake lina meno 34, nayo inakushusha hadi kilomita 7.5 kwa saa kwa mizunguko ileile 60. Fundi asiifunge kienyeji lakini. Mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha cheni, ukiwa mfupi hauwezi kuimudu, na cheni isipoongezwa pingili itakuwa fupi. Ukiingiza gia kubwa mbele na kubwa nyuma kwa pamoja, cheni fupi inang'oa mkono wa gia na kuutupa kwenye spoki. Pima hivi: fundi apitishe cheni juu ya meno makubwa ya mbele na ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia, kisha aongeze pingili mbili. Mkono nao uwe wa saizi ya kati au mrefu.

Halafu mafuta. Cheni ya kukodi mara nyingi imepakwa oili chafu ya gari. Oili hiyo ni nzito, inakusanya vumbi jekundu, na vumbi hilo linakula cheni kama msasa. Isugue kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, kisha weka tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila pingili na ufute yanayobaki nje.

Breki ndizo nilizozikatia nyota. Lango la Marangu liko karibu mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, takriban mita elfu moja juu ya mji wa Moshi, na kimo chote ulichokipanda kwa jasho utakiteremka ukitegemea vipande vinne vya raba. Angalia mifereji kwenye raba: ikifutika, zibadilishwe. Toa kwa sindano vichembe vya chuma vilivyozama ndani, hivyo ndivyo vinavyochora rimu. Bana mkono wa breki kwa nguvu zako zote. Ukigusa usukani, waya umelegea. Chungulia pale waya unapoingia kwenye mkono wa breki, maana nyuzi huanza kukatika hapo huku kwingine kote ukionekana mzima.

Wakati wa kushuka, usiburuze breki mfululizo. Rimu inapata moto, moto unaingia kwenye tyubu, gundi ya kiraka inalainika, na tairi inatoa pumzi ukiwa kwenye kona. Nyoosha mgongo upepo ukusaidie kupunguza mwendo, bana kwa nguvu sekunde mbili au tatu kabla ya kona, achia, kisha rudia. Tairi ya mbele iwe na tyubu isiyo na kiraka hata kimoja. Yenye viraka iende nyuma.

Upepo wa tairi: kwa mtu wa kilo 70 na tairi za 25, mimi naweka psi (kipimo cha upepo kwenye geji ya pampu) 80 nyuma na 75 mbele. Wanaojaza hadi 120 eti baiskeli iwe nyepesi wanaishia kurukaruka kwenye kila kiraka cha lami. Fremu ikiruhusu, omba tairi za 28 na ushushe hadi 70 na 65. Hakikisha zinabaki angalau milimita nne kati ya tairi na fremu, la sivyo tope la mvua litakwama hapo.

Sasa barabara. Mlima wetu ni wa volkeno. Maji yanakimbia juu ya ardhi na kukata makorongo, ndiyo maana tuna mito ya Karanga, Weruweru, Kikafu, na vijito visivyohesabika. Kwa baiskeli, hilo ndilo la kuzingatia unapochagua njia. Barabara inayofuata mgongo wa mlima kwenda juu, kama ya Machame, inapanda kwa mwendo unaoeleweka. Unachagua gia yako na kukaa nayo. Barabara inayokata migongo, kama ya kutoka Marangu Mtoni kupitia Mwika kwenda Rombo, inakushusha mtoni na kukupandisha tena, kutwa nzima. Kwa mara ya kwanza chagua Machame. Kipande cha Marangu Mtoni hadi langoni ni kikali, kiache hadi upate kaseti ya 34.

Barabara kuu ya Arusha na ile ya kwenda Himo na Holili usiziendeshe. Malori hayana nafasi yako, na mteremko wa daraja la Kikafu si mahali pa kujaribu breki. Pakia baiskeli kwenye gari hadi njiapanda ya Machame au Himo, uanzie hapo. Magari ni machache kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi. Jumamosi ni bora kuliko Jumapili, kwa sababu Jumapili watu wa misa ya kwanza wanajaa barabarani kwa miguu, na kengele yako haitawahamisha akina mama wanaozungumza. Punguza mwendo, sema samahani, pita.

Jihadhari na bodaboda zinazoshuka zikiwa zimezima injini. Huzisikii hadi zinakupita. Jihadhari pia na kona za kivulini chini ya migomba, ambako maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia mashamba) yanavuka lami na kuota ukoga. Hapo usibane breki wala usilaze baiskeli, pita wima.

Maji, beba chupa mbili za mililita 750. Ndizi mbivu utazipata njiani. Koti jepesi liwe mfukoni hata kama Moshi kuna joto, kwa sababu Juni hadi Agosti wingu hukaa juu hadi saa nne, na jasho la kupanda linageuka barafu ukishuka.

Lalamiko la mwisho ni pampu. Tyubu za baiskeli hii zina valvu nyembamba, lakini pampu waliyonipa ni ya valvu nene. Pampu za mafundi wengi njiani ni hivyo hivyo. Kwa hiyo omba kiunganishi cha shaba kinachofungwa kwenye valvu nyembamba ili ipokee pampu ya valvu nene; ni kidogo kuliko ncha ya kidole. Kijaribu pale pale dukani kwenye tyubu ya akiba, kisha kiache kimefungwa kwenye valvu ya nyuma kisipotee.