Omron M2: mashine nzuri ya presha, ila angalia mkanda kwanza

Kwa nyumba yenye mgonjwa wa presha, au mtu aliyewahi kupigwa na kiharusi, Omron M2 inatosha. Inapima mkono wa juu, inatumia betri nne za AA, inahifadhi vipimo 30, na ina alama inayojitokeza mapigo ya moyo yakienda ovyo. Mbwembwe haina, wala hazihitajiki. Katika vyanzo vya kiharusi vinavyozuilika, presha ndiyo inayoongoza, na daktari anataka namba za kuaminika.

Tatizo ni mkanda unaofungwa mkononi. Ule wa kawaida ni wa mkono wenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 32. Kabla ya kulipa, chukua tepu ya fundi cherehani upime mkono katikati ya bega na kiwiko. Ukizidi 32, dai mkanda mkubwa, hata kama utalipia zaidi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene sana unaweza kupandisha namba ya juu kwa karibu 20, na mtu akaongezewa dawa asizozihitaji. Wauzaji wengi hawaulizi. Wanakutolea boksi tu. Kwa sababu hiyo naipa nyota nne.

Mashine za kifundo cha mkono zinavutia kwa udogo wake, lakini mkono ukishuka sentimita 10 chini ya usawa wa moyo, namba hupanda kwa 7 au 8. Waachiwe wale ambao mikono yao haienei mkanda wowote.

Kupima kwenyewe: nusu saa kabla, hakuna kahawa, sigara wala mazoezi. Nenda haja ndogo. Keti dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza. Funga mkanda kwenye ngozi, si juu ya shati, ukingo wa chini ukae sentimita 2 au 3 juu ya kiwiko. Usiongee. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi kabla ya kumeza dawa na tena jioni, kwa siku saba. Andika kwenye daftari, kwani kumbukumbu ya M2 ni ya mtu mmoja na familia nzima ikipima namba zinachanganyika. Siku ya kwanza itupe, zilizobaki tafuta wastani. Ukifika 135/85 nyumbani, presha ipo juu. Kiwango cha kliniki ni 140/90.

Daftari hilo ndilo linalomsaidia daktari kupanga dozi. Dawa ya presha iitwayo amlodipini, kwa mfano, inachukua wiki moja hadi mbili kufikia nguvu yake kamili, kwa hiyo kupima saa moja baada ya kidonge cha kwanza na kusema "dawa haifanyi kazi" ni kuionea. Na namba zikishuka, ni dawa imezishusha; ukiacha, zinarudi.

Alama ya mapigo ikijitokeza mara kwa mara, kapigwe kipimo cha umeme wa moyo. Kuna mdundo wa ovyo unaofanya damu igande ndani ya moyo, kisha bonge linapanda kwenye ubongo. Tiba yake ni dawa za kuzuia kuganda kama warfarini au apiksabani, na aspirini haichukui nafasi yake. Mdundo ukiwa hivyo mashine nayo hubabaika, basi pima mara tatu.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, hizo ni dalili za kiharusi; hapo mashine iache kabatini. Usimpe aspirini wala kidonge cha ziada cha presha: kama mshipa umepasuka, aspirini inazidisha kuvuja, na bila picha ya CT, inayoonyesha ndani ya kichwa, huwezi kujua. Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, mkimbize hospitali yenye CT. Dawa ya kuyeyusha bonge kwa kawaida ina dirisha la saa nne na nusu tu tangu saa hiyo.