Msonobari wa Norfolk kutoka kitalu cha barabarani Mikocheni: mche mzuri, udongo mbaya

Kitalu ninachokizungumzia kiko kando ya barabara upande wa Mikocheni, hakina hata bango, na nilielekezwa huko kwa ajili ya misonobari ya Norfolk, miti ya kijani kibichi mwaka mzima ambayo matawi yake hujipanga ngazi kwa ngazi kulizunguka shina moja lililonyooka, na ambayo wateja wengi huiita tu miti ya Krismasi. Mche wa kimo cha kiunoni niliupata kwa shilingi 40,000 baada ya kupatana. Bei hiyo naiona ni ya haki, kwa kuwa mti huu huoteshwa kwa mbegu na huchukua muda kufikia kimo hicho. Tawi la pembeni linaweza kutoa mizizi likichomekwa ardhini, lakini huendelea kukua likiwa limelala upande, wala halisimami kuwa mti.

Sifa kubwa ya kitalu hiki ni kwamba miche yake mingi ina kilele kizima. Kabla ya kulipa, mnunuzi na ainame atazame ncha ya juu kabisa, pale ambapo chipukizi changa hutokeza katikati ya matawi madogo yanayolizunguka, kwa sababu ncha hiyo ikivunjika mti hupoteza umbo lake na mara nyingi huotesha vilele viwili au vitatu vinavyoshindana. Ajabu ni kwamba vijana wale wale wanaoitunza miche vizuri hivyo humpa mteja huduma ya kuikata kilele bila malipo, wakidai kuwa itanenepa kama ua la michongoma. Huduma hiyo ikataliwe kwa adabu. Ikataliwe pia miche iliyobanwa miwili au mitatu ndani ya kiriba kimoja ili ionekane imejaa, kwani mizizi yake hugombania nafasi, na matawi ya chini yakishakauka hayachipui tena.

Muuzaji alinieleza kwa uhakika kabisa kwamba mti huu ni wa baridi, hivyo Dar es Salaam utateseka. Sivyo. Asili yake ni Kisiwa cha Norfolk, kilichoko katika Bahari ya Pasifiki kati ya Australia, New Zealand na New Caledonia, ambako James Cook alifika mwaka 1774 na kuiona miti hiyo mirefu kuwa ingefaa kwa milingoti ya meli. Ni mti wa familia ya araukaria, si ndugu wa karibu wa misonobari ya mbao ya Sao Hill kule Mufindi, na kinachouua ni jalidi, yaani baridi ya kugandisha, si joto letu. Upepo wa chumvi na udongo wa kichanga unavivumilia vizuri, ndiyo maana naupendekeza kwa wakazi wa Kigamboni, Masaki na Kunduchi kuliko saiprasi. Usichovumilia ni sabuni: huko Sydney, misonobari ya ufukweni ilidhoofika katika karne iliyopita, ikabainika kuwa sabuni zilizokuwamo katika maji taka yaliyomwagwa baharini zilisaidia chumvi ya upepo kupenya kwenye majani. Maji ya kufulia, basi, yamwagwe kwingine.

Udongo wa kwenye kiriba ndio uliopunguza alama za kitalu hiki. Ni mfinyanzi mzito ambao juu hukauka na kupasuka huku chini ukibaki tope, na mizizi ya msonobari huu huoza upesi inapokosa hewa. Nilihamishia mche wangu katika mchanganyiko wa mchanga mwingi, mboji na samadi iliyooza kabisa, bila kulivunjavunja bonge la mizizi. Kwa kuwa ulikuwa umelelewa chini ya wavu wa kivuli, niliuzoesha jua hatua kwa hatua, na chungu nikakigeuza mara kwa mara ili matawi yasielemee upande mmoja. Anayetaka kuupanda ardhini asubiri masika yaanze, tena achague mahali mbali na ukuta na nyaya za umeme, maana kwao mti huu hupita mita 50. Hilo muuzaji halitaji mpaka aulizwe.

Usafirishaji ulikuwa wa kuridhisha. Kirikuu kilifika kwa wakati, na mche ulifungwa ukiwa wima badala ya kulazwa. Vyungu vya saruji wanavyouza hapo hapo ni imara, ila vingine havina tundu chini, kwa hiyo mnunuzi akipindue chungu akikague, na fundi akitoboe kabla fedha haijatoka mfukoni.