Uzoefu wangu na mafundi waliotugeuzia nyumba ya mawe kuwa ofisi, Mji Mkongwe wa Zanzibar

Tulipokodi ghorofa mbili za nyumba kongwe huko Malindi kwa ajili ya ofisi ya watu wanane, kilichonitia hofu ni kuta, kwa kuwa mpangaji aliyetutangulia alikuwa amezipiga lipu ya saruji, nayo ilikwisha vimba na kubanduka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Kampuni ya kwanza tuliyoiita ilishauri tuibandue, tupige saruji mpya, kisha rangi ya mafuta juu yake. Tuliwapa chumba kimoja kwa majaribio, na masika yalipokwisha ukuta ulikuwa umerudi vile vile, ukitoa chumvi nyeupe kama unga.

Ninaowaandikia tathmini hii ni kikundi cha pili, mafundi wa chokaa. Mkuu wao alitueleza kwamba kuta hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, kwa hiyo hufyonza maji ya ardhini na kuyatoa hewani. Saruji ikizifunika, maji hukosa pa kutokea, yakabaki ndani yakilainisha udongo unaoyashika mawe. Walikwangua saruji yote, wakaziacha kuta wazi wiki sita zikauke, ndipo wakapiga chokaa waliyokuwa wameiloweka kwa muda mrefu, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kufunikwa magunia yaliyoloweshwa ili lisikauke kwa pupa. Wiki hizo sita tulizilipia kodi bila kukaa humo, na mwenzetu wa hesabu hajazisahau hadi leo. Hata hivyo, masika mawili yamepita na kuta ni kavu.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kukataliwa mchoro wetu. Tulitaka kubomoa ukuta wa kati tupate ukumbi mmoja mpana, lakini dari za nyumba hizi zinabebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio unaoamua upana wa chumba, na ukuta ule ulikuwa umebeba boriti za pande zote mbili. Fundi alikataa katakata. Isitoshe, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985, isingetupa kibali, na tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilipoporomoka Desemba 25, 2020 huku ukarabati ukiendelea, sidhani kama kuna mkazi wa mji huu anayelichukulia suala hilo kwa mzaha. Basi tumebaki na vyumba vyembamba vinavyofuatana, majalada yetu yakakaa kwenye vidaka vya ukutani, na nakiri kwamba utulivu uliomo humo ukumbi mpana usingetupa. Boriti tisa zilizokuwa zimeoza ncha, pale zinapoingia ukutani, zilibadilishwa moja moja bila dari kuguswa kwingine.

Kwenye umeme na intaneti, kikundi hiki hakifai. Nyaya walizipitisha ovyo juu ya lipu mpya, ikanibidi nimlete fundi umeme wa pembeni azipange upya ndani ya mifereji ya plastiki, na hakuna aliyetuonya kwamba kuta zenye unene unaozidi nusu mita humeza mawimbi ya intaneti, hivyo tukalazimika kuvuta waya hadi kila chumba. Viyoyozi viliwekwa upande wa ua wa ndani ili visiharibu sura ya nyumba barabarani. Hilo walilifanya vizuri. Muda nao hawakuutimiza: waliahidi miezi minne, ikawa saba.

Kwa kuta na boriti nitawaita tena bila kusita. Bado paa la bati linavuja juu ya ngazi, na nimekwisha waomba waje kabla ya vuli, nikijihesabia mwenyewe mwezi mmoja zaidi ya ule waliouahidi.