Fundi wa kupogoa: mkono mzuri, haraka nyingi

Nilimwita anipogolee mti mzee ambao haukuguswa kwa zaidi ya miaka 20. Alifika na msumeno wa mkono, akaegemeza ngazi, akataka kuukata wote siku hiyohiyo ubaki gogo. Nikamkatalia. Mti uliozoea kukatwa kilele kila baada ya miaka michache huchipua bila shida. Mti mzee uliosahauliwa ni jambo jingine, maana ukiunyang'anya majani yote kwa mkupuo unaweza kufa njaa ukiwa umesimama.

Tukaafikiana theluthi moja tu, mengine yangoje miaka kadhaa. Hapo ndipo nilipomheshimu. Hakuyagusa yale manundu ya zamani, yaani uvimbe uliojijenga pale mti ulipokuwa ukikatwa zamani. Alikata juu yake kidogo, akitangulia mkato wa chini ili gome lisichunike tawi likianguka. Moja lilichanika hata hivyo. Akalisawazisha kimyakimya, akidhani sikuona!

Sasa machipukizi yametoka, mekundu, laini, yamesongamana kwenye manundu kama vidole vya kichanga. Kwa ukataji nampa nne kati ya tano. Kwa kuuelewa mti, mbili. Na matawi aliyaacha palepale njiani.