Kinasa sauti cha simu na likizo ndefu ya wanafunzi wangu wa piano

Nafundisha piano, na kipindi ninachokiogopa kuliko vyote ni likizo ndefu. Mtoto anaondoka vidole vimelainika, anarudi baada ya wiki 8 huku nusu ya tulichojenga ikiwa imepotea. Niliwahi kuwapa majedwali ya kutia alama kila siku ya mazoezi. Yalirudi yamejaa alama, lakini uchezaji ulikuwa umerudi nyuma.

Likizo iliyopita nilijaribu kinasa sauti cha simu, ile programu ya bure inayokuja na simu yenyewe. Nilikitumia na wanafunzi 11 wenye umri wa miaka 8 hadi 15. Nakipa nyota nne kati ya tano.

Nilichochelewa kukielewa ni kwamba mtoto akiwa peke yake haachi mazoezi kwa sababu ya uvivu tu. Anaacha kwa sababu hajui arekebishe nini. Darasani sikio ni langu. Mimi ndiye ninayesikia kwamba mkono wa kushoto umeufunika wimbo, au pedali ya mguu haikuachiliwa na sauti za kodi mbili (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zimevurugana. Nyumbani sikio hilo halipo. Anapiga kipande kizima mara tano, kosa lilelile linaota mizizi, kisha anachoka na kufunga kinanda. Hata akijitahidi kusikiliza, akili yake yote imo vidoleni.

Basi sharti lilikuwa hili: rekodi dakika moja tu, ondoa mikono kwenye kinanda, sikiliza, halafu taja kwa sauti jambo moja ulilolisikia. Jambo hilo ndilo zoezi la leo. Ijumaa unanitumia rekodi moja.

Wiki mbili za kwanza zilinipotosha, na kosa lilikuwa langu. Rekodi zilizonifikia zilikuwa safi mno. Nilipouliza, nikagundua kwamba wanarudia mara kumi na zaidi ili wanitumie ile isiyo na doa. Kinasa sauti kilikuwa kimegeuka mtihani. Nikabadilisha: nitumieni ile ya kwanza ya siku, vidole vikiwa bado baridi, pamoja na jambo mlilolisikia. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda. Binti mmoja wa miaka 10 aliniambia kwamba anasita kidogo kila mkono wa kushoto unaporuka kwenda kwenye noti za chini. Nilikuwa nimemwambia jambo hilo muhula mzima. Safari hii alilisikia mwenyewe, akalitenga, akawa anaufanyia mazoezi mruko ule peke yake, polepole, bila mkono wa kulia. Siku tatu baadaye kusita huko hakukuwepo tena.

Sasa nyota iliyokosekana. Programu nyingi za namna hii zimetengenezwa kwa ajili ya maongezi, hivyo huinua zenyewe sauti ndogo na kushusha kubwa. Kwa piano hilo ni pigo. Bartolomeo Cristofori alipounda chombo hiki huko Italia, karibu mwaka 1700, shabaha ilikuwa kwamba kidole kiweze kutoa sauti ndogo au kubwa kadiri kinavyogusa. Jina lenyewe la piano limetokana na maneno ya Kiitaliano ya sauti hizo mbili. Mwanafunzi anapiga kwa upole kabisa, akisikiliza anakuta sehemu zote zinalingana, anakata tamaa. Kama simu yako ina mahali pa kuzima marekebisho hayo, yazime. Kama haina, tumia rekodi kuchunguza mwendo, noti na pedali, na suala la upole na nguvu msubirini mwalimu. Pia usiweke simu juu ya kinanda, maana hunasa kishindo cha vibao. Kiti kilicho umbali wa hatua mbili, na kitambaa chini ya simu, vinatosha.

Jambo zito zaidi ni moyo wa mtoto. Mwanafunzi wangu wa miaka 14 alisikiliza rekodi yake kwa mara ya kwanza akaumia kweli. Hakugusa piano kwa siku 9. Nilipaswa kumwandaa, kwa sababu karibu kila mtu hushtuka akisikia uchezaji wake mwenyewe. Tulichofanya ni kuhifadhi rekodi ya wiki ya kwanza bila kuisikiliza tena, tukaifungua wiki ya tano pamoja na mpya ya kipande kilekile. Alizisikiliza zote mbili kimya, kisha akaomba aanze kipande kingine.

Kwa watoto wa chini ya miaka 7 sikipendekezi, isipokuwa mzazi akae naye na kumuuliza amesikia nini. Na mzazi huyo asimsahihishe. Wazazi wawili wa wanafunzi wangu walisahihisha, na watoto wao wakaacha kurekodi.

Likizo ijayo nitakitumia tena, na safari hii rekodi ya kwanza tutaifanya pamoja darasani kabla hawajaondoka.